Daftari la Kabati Kavu

4 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na yule jirani wa ghorofa ya juu ameacha kuburuta viti. Mimi ni mzima wa mwili, lakini kichwa hakipo.

Uliniuliza kwenye simu hasa nafanya kazi gani, nikajibu "utafiti", ukaguna. Haya, nakuandikia kama ulivyotaka, maana kwako simu ni ya salamu na misiba tu.

Tuna oksidi moja nyeusi. Ukiipooza kwa naitrojeni iliyo kimiminika, baridi ambayo friji yako haijawahi hata kuiota, inapitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Mashine inaipiga kwa leza mpaka inakuwa mvuke, na mvuke unatua juu ya kipande cha fuwele kidogo kama ukucha, tabaka juu ya tabaka. Taabu ni kwamba ikishatua hapo haibanduki. Sisi tunataka utando wenyewe, usioshikwa na kitu, ili tuweze kuukunja na kuupachika tunapotaka. Kwa hiyo tunatanguliza chini yake tabaka linaloyeyuka kwenye maji. Tunaliita tabaka la kafara. Ukitumbukiza kipande majini, kafara inayeyuka na utando unaelea. Ukiupanga mara elfu mbili ndipo unafikia unene wa unywele mmoja. Kusimulia ni rahisi, kwa kweli.

Tando zangu zinapasuka. Kumi na saba tangu Oktoba, Shangazi! Hazifiki hata majini. Nikiziweka chini ya hadubini naona nyufa zimeshaanza pembeni. Maana yake tabaka la kafara limekunywa unyevu wa hewani kabla ya wakati, limevimba upande mmoja, na utando ulio juu umechanika.

Ili visipate unyevu, vipande vinakaa kwenye kabati kavu. Chini ya kabati kuna trei ya chembechembe za kukaushia, za buluu, na zikichoka zinageuka waridi. Kazi ya kuzibadilisha ni ya fundi wetu, Mzee Pampu. Tunamwita hivyo kwa sababu ndiye anayezilea pampu za mashine, mwaka wa ishirini na tisa sasa. Daftari lake linasema amebadilisha kila Jumatatu na kila Alhamisi. Kama kweli anabadilisha, unyevu unatoka wapi? Wiki iliyopita nilimwandikia Profesa kwamba daftari linajazwa bila kazi kufanyika.

Profesa amemwondoa maabara na kumpeleka stoo kuhesabu mirija, mpaka kikao cha Alhamisi tarehe 5 Machi kiamue kama mkataba wake uvunjwe. Amebakiza miaka miwili astaafu. Kikao hichohicho ndicho kitakachoamua kama mimi nitaongezewa mwaka wa mkataba.

Sijisikii vizuri, lakini ningefanyaje?

Mwanao,
Kiherehere

*

11 Februari

Kiherehere wangu,

Marahaba. Goti ni lilelile. Jirani wa juu amenunua viti vipya, vizito zaidi, sasa anaburuta kwa raha zake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza sikuambulia kitu. Mara ya pili nikaanza kucheka peke yangu jikoni mpaka chai ikafurika. Wewe mtoto! Umesoma miaka yote hiyo, umefika kwenye mashine za leza, kumbe unafanya kazi yangu! Mimi nilikuwa nafanya nini kwenye kiwanda cha vikombe miaka ishirini na miwili? Ua la kikombe linakuja limechapwa juu ya karatasi, na chini ya ua kuna gundi. Unaloweka, gundi inalegea, ua linaelea, unalitelezesha juu ya kikombe kabla halijajikunja. Lako linabeba umeme na langu lilikaa kwenye kikombe cha chai, basi.

Nimekukumbuka ukitoka shule unakuja kukaa mwisho wa meza yangu. Nilikufundisha mwenyewe: lishike kwa pembe, lisogeze usoni, lipulizie kwa mdomo wazi, "haa", kama mtu anayefuta miwani, kingo zilainike, ndipo uliweke. Wanawake wazima walikuwa wanavunja maua, wewe huvunji. Msimamizi alisema huyu anapuliza mpaka kikombe kinatoka jasho. Hebu niambie, bado unaanza na ile "haa" yako, au huko leza ndiyo inapuliza?

Sasa, huyo mzee amenikaa rohoni. Ulimuuliza yeye mwenyewe kabla hujaandika? Nimetafuta kwenye barua yako nimeona umemwandikia Profesa, lakini sijaona mahali ulipomuuliza mzee. Kumwambia mtu kazi yake mbaya ni jambo moja. Kumwambia anadanganya kwenye daftari ni kumpaka matope usoni, na kwa umri wake hayaoshwi haraka. Nijibu hilo.

Shangazi yako

*

18 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii ukimaliza kuisoma, tafadhali ichome.

Nilikuwa naisoma yako kantini, nacheka, nikafika kwenye "haa", kicheko kikakatika. Kila kipande, kabla sijakibandika plastiki ya kukibebea, nakiinua chini ya taa na kukisogeza usoni nione kama kina vumbi. Nikajiuliza: napuliza? Wallahi sikujua. Nikamwomba mwenzangu wa meza ya pili anitazame tu nikifanya kazi, bila kumwambia kwa nini. Akasema, "Mbona unafanya vilevile kama siku zote? Unakipulizia kama chai ya moto." Amekuwa akiniona tangu Oktoba! Alidhani ni utaratibu wangu.

Siku iliyofuata nilivaa barakoa, nikaweka kioo kati ya uso wangu na kipande. Utando ukatoka mzima, Shangazi. Mraba mweusi unaelea juu ya maji, ukigusa bakuli unatikisika wote. Nililia palepale. Wa pili nao mzima. Tukaupooza na kuupima, ukinzani ukashuka, ukashuka, ukafika sifuri na kukaa hapohapo.

Halafu nikaenda kufungua trei ya kabati kavu. Ina kofuli, na ufunguo sasa unakaa ofisini. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuifungua. Tangu Mzee aondolewe hakuna aliyezibadilisha chembechembe, na bado zote ni za buluu.

Hukukosea, sikumuuliza.

Sasa nisikilize kabla hujaruka. Nikisema, kikao kitauliza mtu aliyeharibu vipande kumi na saba kwa mdomo wake mwenyewe kisha akamsingizia mwenzake aongezewe mwaka wa nini. Na watu wanasema Mzee Pampu hatafukuzwa, atapewa onyo tu. Nimewaza nikae kimya, nikishaongezewa nimsaidie kimyakimya. Profesa ameuona utando, amefurahi sana, akasema, "Unaona? Mzee kaondoka, na nyufa zimeondoka." Sikumjibu kitu.

Nionee huruma kidogo.

Mwanao

*

22 Februari

Wewe,

Shikamoo yako leo siitikii. Na barua yako sijaichoma, ipo hapa mezani inanitazama.

Utamsaidia kimyakimya kwa kipi? Utampelekea sabuni? Mtu amenyang'anywa heshima yake mchana kweupe, mbele ya watu, wewe unataka umrudishie gizani!

Nisikilize vizuri, kwa sababu nilikaa usiku kucha natenganisha lako na langu. Kupuliza nilikufundisha mimi, hilo nalibeba. Umepuliza bila kujua, hiyo ni bahati mbaya na hakuna wa kukulaumu. Kuandika ile barua bila kumuuliza mzee wa watu, hilo ni haraka yako ya siku zote, na jina lako hukupewa bure. Lakini Profesa aliposema vile mbele yako, wakati trei umeshaifungua na buluu umeshaiona, ukameza mate ukanyamaza, hapo, mwanangu, ulikuwa unajua. Sikukulea hivyo. Nilikuchukua ukiwa na miaka sita, nimekuona ukiiba sukari, nimekuona ukivunja sahani na kusema ni paka, na tulikuwa hatuna paka. Sijawahi kukuona ukimwacha mtu aumie.

Nenda useme. Usiandike, maana kwa kuandika ndiko ulikoharibu. Nenda kwa miguu yako. Wakikunyima mwaka, rudi, chumba chako kipo na kitanda nimekisogeza karibu na dirisha. Hutakufa. Yeye ana miaka miwili tu na hana ya kuanza upya.

Nakupenda, na hasira zote hizi zinatoka hukohuko. Usiniandikie mpaka umekwenda.

Shangazi yako

*

22 Februari

Kwa Fundi anayeitwa Mzee Pampu, aliye stoo kwa sasa,

Kaka yangu, salamu. Hunijui. Anwani nimeitoa nyuma ya bahasha za binti wa marehemu kaka yangu, yule aliyekushtaki kwa Profesa. Mimi ndiye niliyemlea.

Sina maneno ya kuzunguka. Kabati lako lilikuwa kavu. Daftari lako ni la kweli. Vipande vilikuwa vinapasuka kwa sababu mtoto anavipulizia kwa mdomo kabla ya kuvipeleka majini, na anapuliza kwa sababu mimi nilimfundisha hivyo akiwa mdogo, kwenye meza ya kubandika maua ya vikombe. Kule pumzi ilikuwa dawa. Kwenu ni sumu, na mimi ningejuaje? Ameshajaribu kazi kwa barakoa na utando umetoka mzima. Trei ameifungua mwenyewe, akakuta buluu tupu.

Anajua, na anaogopa kusema. Nimemwandikia leo maneno makali. Sijui kama atayasikia, na siku za kikao zinakwisha. Kwa hiyo nakupa barua hii uwe nayo mkononi. Mpelekee Profesa, iweke mezani, fanya unavyoona. Ni haki yako. Nimeandika huku mkono ni mzito, kwa sababu najua naiweka shingo ya mtoto wangu mikononi mwako. Lakini ningelalaje?

Kama moyo wako una nafasi, mkumbuke kwamba ni mtoto wa watu. Kama hauna, sitakulaumu.

Hajui kama nimekuandikia.

Ni mimi, shangazi yake

*

27 Februari

Dada yangu,

Salamu. Mimi si mtu wa kuandika barua, nimezoea daftari: tarehe, saa, kilichofanyika. Nisamehe nikiwa mkavu.

Barua yako ilinifikia jana saa nne na dakika kumi, nikiwa stoo kati ya maboksi ya mirija. Nimeisoma nimesimama. Nilianza kukimbia kwenda kwa Profesa, mimi mwenye miaka hamsini na minane, nikafika ngazi ya pili, nikarudi nikakaa juu ya boksi.

Dada, miaka ishirini na tisa nimeambiwa mbishi, nimeambiwa mchoyo wa vifaa, na yote ni kweli. Mwongo sijawahi kuambiwa. Mke wangu hajui lolote. Kila asubuhi natoka nyumbani na koti la maabara, nikifika kona nalivua, jioni nalivaa tena kabla ya kuingia ndani. Nimefanya hivyo wiki nne. Binti yako ameninyima usingizi na nilikuwa namchukia. Niseme ukweli, bado namchukia.

Lakini nimefikiri hivi. Nikiipeleka barua yako, mimi nitakuwa nimepona na yeye atakuwa amekamatwa. Mtu akikamatwa anajifunza kujificha vizuri zaidi, na huyu ana mikono ya kazi. Nimewaona wengi kwenye ile meza, wenye mikono ile hawafiki watatu.

Kikao ni Alhamisi saa tatu na nusu asubuhi. Nampa mpaka saa tatu kamili. Ikifika saa tatu hajasema, naitoa barua yako mfukoni na kuiweka mezani. Mimi si malaika. Nina nyumba.

Usimwambie.

Fundi wa pampu

*

1 Machi

Shangazi,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Najua umesema nisiandike mpaka nimekwenda. Sijakwenda. Nimefika mlango wa Profesa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili alikuwa peke yake, nikamuuliza habari za karatasi za kuchapishia.

Ijumaa nilitumwa stoo kuchukua glavu. Nilimkuta Mzee Pampu. Nilidhani atanifukuza, lakini alinipa glavu, akahesabu jozi kumi mbele yangu, akaandika. Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijala.

Kwa nini aniulize vile? Heri angenitukana.

Mwanao

*

5 Machi, jioni

Shangazi,

Nimekwenda.

Nilitaka kwenda jana, nikajilaza kitandani na nguo zangu zote, usingizi haukuja. Leo nimefika saa tatu kasoro dakika tano. Mzee Pampu alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha kikao, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mkono mmoja uko mfukoni, macho yako kwenye saa ya ukutani. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa Profesa. Miguu ikanipeleka kwake. Nikamwambia, "Mzee, kabati lako lilikuwa kavu. Ni mimi. Napuliza vipande kwa mdomo. Nimejua tangu tarehe kumi na tatu na nimenyamaza." Nilisema harakaharaka mpaka pumzi ikakatika.

Hakushangaa, Shangazi. Alifumba macho kidogo, akatoa mkono mfukoni ukiwa mtupu, akasema, "Kaseme ndani."

Nikasema ndani. Watu saba, na yeye akiwa ameketi mwisho wa meza. Nilieleza ya pumzi, ya barakoa, ya trei. Profesa akauliza, "Na siku ile niliposema mzee kaondoka na nyufa zimeondoka, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani, akaniangalia kama hanijui. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Wakamuuliza Mzee Pampu kama ana la kusema. Akasema, "Ufunguo wa trei nilikuwa nao mimi. Angeuomba, ningempa." Nilitamani sakafu ipasuke.

Amerudishwa kazini leoleo, na barua ya kumwomba radhi itabandikwa ubaoni ikiwa na saini ya Profesa na yangu. Mimi mwaka sikupewa. Nimepewa miezi mitatu na onyo la maandishi, kisha waone. Nimetoka pale nimechoka kama niliyebeba mawe, lakini nimekula sahani mbili.

Kila kitu ulichosema kilikuwa kweli, na nilikukasirikia sana kwa hilo. Sasa niitikie.

Shikamoo.

Kiherehere wako

*

9 Machi

Dada yangu,

Salamu. Ndani ya bahasha hii utaikuta barua yako. Sikuitumia. Hakuna aliyeisoma zaidi yangu, na sasa irudi kwa mwenyewe. Kama utamwambia binti au hutamwambia, hilo ni lako.

Usinishukuru bado. Alhamisi, tangu saa mbili na robo, nilikaa kwenye benchi mkono wangu ukiwa juu ya barua hiyo. Usidhani nilimsubiri kwa wema tu. Kuna pembe ya moyo wangu iliyokuwa inaomba asitokee, ili niitoe mbele ya watu wote na yeye aone inavyouma. Alipotokea kwenye kona ya korido, amevaa nguo zilizokunjamana, kitu cha kwanza nilichosikia ni hasira, kwamba hata hilo ameninyima. Cha pili ndicho kilichokuwa nafuu. Nakwambia kwa sababu wewe uliniambia ukweli kwanza.

Sijamsamehe. Nafanya naye kazi. Ijumaa tulitoa utando mmoja pamoja, yeye na barakoa yake, mimi nikishika bakuli. Ulitoka mzima. Hatukuongea zaidi ya "sogeza" na "taratibu".

Kuna jambo jingine. Alhamisi jioni nilirudi nyumbani, nikamweleza mke wangu yote, stoo, koti, kona, wiki zote zile. Nilitegemea atalia. Alinifokea kwanza kwa kumficha, akanifokea muda mrefu. Halafu akauliza, "Huyo binti ana nani katika mji huu?" Nikasema nadhani hana mtu, ana shangazi tu, na yuko mbali. Akasema, "Basi Jumapili ya wiki ijayo aje kula hapa." Nikamwambia mimi siko tayari. Akasema, "Wewe ndiye usiye tayari. Mimi nipo."

Kwa hiyo Jumapili hii anakuja. Sijui tutaongea nini mezani.

Wako katika heshima,
Fundi wa pampu